Kiberiti Nyuma ya Kisogo

Ikiwa unaamka asubuhi umekakamaa hata kuvaa soksi ni kazi, kisha ikifika saa nne umelegea ukaanza kushuku kwamba ulikuwa unajidanganya, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Hujidanganyi. Watakaokwambia ni uzee, au ni godoro, au ni uvivu, waache waseme. Mimi niliambiwa yote hayo kabla sijafika miaka arobaini, na lile la godoro nililisema mwenyewe.

Leo kweli ni mzee. Shingo yangu haigeuki. Mtu akiniita kutoka nyuma, nageuka mwili mzima kama kabati linalohamishwa. Mgongo haukunjiki tena. Lakini nimesimama wima, na nikiongea na wewe nakuangalia machoni, siangalii viatu vyako. Hicho ndicho nilichopigania miaka ya tisini.

Nilikuwa mwalimu wa mazoezi. Jimu yetu ilikuwa Kibera, upande wa Makina, ndani ya ukumbi wa mabati ambao asubuhi ulikuwa shule ya chekechea. Vyuma vyetu tulivitengeneza wenyewe: saruji iliyomiminwa katika mikebe ya mafuta ya kupikia, mkebe kila upande wa bomba. Jioni vijana walikuja kutoka mjengoni, kwenye kazi za ujenzi, na sokoni Toi. Wengi walitafuta kazi ya ulinzi, na mlinzi alitakiwa awe na kifua. Mimi niliwapa vifua. Kwangu kulikuwa Kawangware, mtaa wa Gatina, chumba kimoja ghorofani, mimi na mke wangu na binti yetu Nekesa. Mke wangu aliuza mboga karibu na steji ya matatu namba 56. Mimi nilitembea kwa miguu hadi Kibera na kurudi, kupitia Dagoretti Corner, nikiwa na kiburi cha mtu ambaye mwili haujawahi kumkatalia kitu.

Kunyoosha viungo hatukujua. Nilimaliza kidato cha nne na biolojia nilisoma, lakini hayo niliyaona ni mambo ya akina mama wa mitaa ya matajiri. Sisi tuliingia moja kwa moja kwenye chuma. Siku tulipokumbuka kunyoosha, ilikuwa hivi: mtu anakaa chini miguu mbele, mwenzake anamkalia mgongoni mpaka paji la uso liguse magoti. Akilia, tunacheka. Ukutani niliandika kwa herufi kubwa: ISIPOUMA HAIJAINGIA.

Maumivu yalinianza wakati wa kiangazi, chini ya kiuno, mara upande huu, mara ule. Alfajiri nilishindwa hata kugeuka kitandani. Nililaumu godoro, nikalitoa nikalalia mbao. Nililaumu chuma, nikaacha kunyanyua, nikakaa nyumbani masika yote kama mgonjwa wa heshima. Yakazidi. Siku nilizotembea hadi Kibera ndizo nilizopata nafuu, na siku za kupumzika ndizo zilizonikaza. Jibu lilikuwa mbele yangu, nikalipita kila siku.

Dawa yangu ilikuwa ile ya wanaume wengi wa nyumba zetu. Jioni mkeka unatandikwa, baba analala kifudifudi, mtoto anapanda mgongoni. Nekesa alikuwa darasa la tatu, mwembamba, miguu baridi. Alishika ukingo wa kitanda asianguke, akatembea kutoka kiunoni hadi mabegani.

"Shuka kidogo, mama. Hapo. Sasa ruka."

"Baba, nimechoka."

"Ruka kidogo tu. Kesho mandazi."

Pingili za mgongo zikilia, niliridhika. Kila kilicholia nilidhani kimefunguka. Na mezani nilimwambia, "Kula, mama, uwe mzito. Mgongo wa baba unataka mtu mzito."

Ikafika wakati uzito wa mtoto haukunitosha. Jimu tulikuwa na kijana aliyeitwa Otieno, mpakiaji wa magunia, ambaye wote walimwita Tingatinga kwa sababu ya mwili wake. Jioni moja nikalala kwenye jamvi mbele ya wote.

"Tingatinga, kuja unikanyage hapa."

"Mimi, kocha? Wacha mchezo. Mimi nikipanda pikapu, pikapu inalala upande."

"Panda. Ama unaogopa?"

Vijana wakacheka. Alivua viatu, akakunja soksi akazitia ndani yake, kwa adabu, kama mtu anayeingia msikitini. Akaweka mguu mmoja. Akaweka wa pili. Kitu kikalia. Haukuwa ule mlio nilioupenda. Ulikuwa kama kijiti cha kuni kinachovunjwa ndani ya nguo.

"Kocha, hiyo ni nini?"

"Hewa," nikasema. "Imetoka."

Nilitembea hadi Gatina nikipumua kwa vipande vidogo vidogo. Nyumbani Nekesa alikuwa ameshatandika mkeka kama kawaida. Ningeweza kusema leo hapana. Lakini mke wangu angeniuliza kwa nini, na ningelazimika kusema kwamba kocha alilala chini akakanyagwa na mwanafunzi wake mpaka akavunjika. Nikaona aibu. Nikalala. Mtoto aliweka mguu mmoja tu, nami nikapiga yowe majirani wakatoka nje.

Mke wangu alikuja mbio, mwiko mkononi. "Nekesa! Umemfanya nini baba yako?"

Mtoto alisimama pembeni amejishika mikono. Mimi nilikuwa na mdomo kwenye mkeka, na sikusema kitu.

Nimejuta mambo mengi maishani. Hilo ndilo kubwa.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Wenye kukaa benchi za hospitali wanajua: unajifunza sura za watu, unajua nani anakohoa na nani anajifanya, unasogea kitako kimoja kimoja kila mtu wa mbele akiitwa. Mimi sikuweza kukaa. Nilisimama nimeegemea ukuta, watu wakidhani nataka kuruka foleni.

"Mzee, sisi pia tuko hapa!" mama mmoja akanifokea.

"Ameumia mgongo," mke wangu akajibu. "Ukitaka mgongo wake, chukua. Mimi nimechoka nao."

Benchi zima likacheka, na yule mama akampa mke wangu nusu ya chungwa. Sikujua jina lake, lakini chungwa lile nalikumbuka.

Picha ya eksirei ilionyesha ubavu umevunjika na pingili moja ina ufa. Kisha daktari akasema hilo litapona, shida ni nyingine. Pingili zangu zilikuwa zinaungana zenyewe, na zilianza zamani. Zilikuwa zimekakamaa kiasi kwamba zikikanyagwa hazipindi, zinapasuka. Nililazwa. Tingatinga alikuja na mkate na soda, akakaa akitoa jasho.

"Kocha, ni mimi?"

"Nyamaza. Usiseme popote."

Basi tukawa wanaume wawili tumenyamaza, na mzigo wetu tumemwachia mtoto. Jumapili Nekesa aliletwa kuniona. Alisimama mwisho wa kitanda, mbali, mikono nyuma, kama aliyeambiwa asiguse vyombo vya watu.

Ubavu ulipopona nikapelekwa kwa mtaalamu wa viungo, mama mfupi aliyevaa raba. Nitamwita Madam Muthoni. Aliniangalia nikiingia.

"Nasikia wewe ni mwalimu wa mazoezi."

"Ndiyo, madam."

"Inama uguse vidole vya miguu."

Mikono yangu ilifika magotini, ikakomea hapo.

"Simama na ukuta. Visigino viguse, makalio yaguse, mabega, halafu kichwa."

Kichwa hakikufika. Nilisukuma mpaka jasho likanitoka, lakini kisogo kilibaki hewani mbali na ukuta. Hapo ndipo niliogopa kwa mara ya kwanza. Sikuwa nimejua kwamba nimeanza kuinama.

"Sikiliza," akasema. "Mgongo huu utaganda. Sitakudanganya. Ila bado haujaamua utaganda namna gani. Ukiuacha, utapinda kama ndoano, uzeeni utakuwa unaangalia udongo. Ukiunyoosha kila siku, utaganda umesimama. Miaka michache inayokuja ndiyo itakayoamua."

"Na nikikataa kuganda?"

"Kataa. Dawa yenyewe ni hiyo."

Nilikataa kwa hasira, na hasira ilinisaidia kuamka. Lakini haikunisaidia kunyoosha. Siku za kwanza nilivuta kwa nguvu kama nilivyofundisha, nikidundadunda, na Madam Muthoni akanipiga kofi mkononi kama mtoto.

"Unavuta kamba ya ng'ombe? Pasha mwili kwanza, tembea. Kisha nenda polepole. Ukisikia unavutwa, kaa hapo, pumua. Ukisikia unauma, umepita."

"Madam, isipouma..."

"Maliza hiyo sentensi nikurudishe wodini."

Sikuimaliza. Nakwambia wewe unayesoma, hasa kama unafundisha wengine mazoezi: kubaki kimya mahali unapovutwa, ukipumua, huku msuli wa nyuma ya paja unatetemeka, ni kazi kuliko kunyanyua saruji. Msuli ukivutwa ghafla unajikaza kujilinda. Ukiusubiri, unakuachia kidogo, halafu kidogo tena. Nilikuwa nimefundisha kinyume kwa miaka, na kuna vijana waliochanika kwa sababu yangu.

Kwa nyumbani alinipa kipimo. "Kila jioni simama ukutani, mtu apime pengo nyuma ya kisogo. Tumia kiberiti, lile kasha lake. Kisimamishe kwa urefu; pengo likipungua, kilaze ubavu; likipungua tena, kilaze chali. Tutajua tunaelekea wapi."

Mke wangu alirudi kutoka kuuza mboga giza limeingia. Aliyekuwepo jioni ni Nekesa. Tangu siku ile alikuwa hapiti karibu nami. Hata kamba ya kuruka aliiacha. Kingine ni kwamba alibakisha chakula. Mama yake alimnunulia dawa ya minyoo, akamnunulia tena, na bado ugali ulibaki kwenye sahani.

"Nekesa, njoo uniwekee kiberiti."

"Mama atakuja."

"Mama atachelewa. Njoo."

"Nitakuvunja tena."

Alisema akiangalia mlango. Nilikuwa nimesimama ukutani, visigino vimegusa. Nilijua nikinyamaza mara hii nitanyamaza mpaka nife.

"Si wewe uliyenivunja," nikasema. "Nilifika hapa nikiwa nimevunjika tayari. Ni Tingatinga, kule jimu. Na ni mimi niliyemwambia apande."

Aligeuka. "Tingatinga yule wa mkate?"

"Ndiye huyo." Tangu nitoke wodini alikuwa akituletea mkate nyumbani.

"Na mimi huwa nampatia chai!"

Nilikaribia kucheka, lakini uso wake haukuwa na kicheko.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Siku zote?"

"Siku zote, mama."

Kisha akasema, bila kupaza sauti, "Mimi nilikuwa nabakisha ugali ndio niwe mwepesi."

Sijui ukuta ule ulinishikaje. Nilimwomba msamaha. Alikwenda kwenye jiko la mafuta taa, akachukua kiberiti, akavuta stuli, akapanda. Nilisikia pumzi yake karibu na sikio.

"Visigino viguse," akasema. "Sasa shingo. Usiinue kidevu, unaniibia."

Alikisimamisha kiberiti kwa urefu wake nyuma ya kisogo changu, akaachia. Kikaanguka chini. Pengo lilikuwa kubwa kuliko kiberiti.

"Haijakaa," akasema.

Usiku ule alikula, akaomba aongezewe, na huku akitafuna alimweleza mama yake kila kitu. Mke wangu aliniwekea chakula mezani na hakunisemesha tena mpaka mvua zikaanza. Aliponisemesha, alisema, "Baba Nekesa, wewe uliganda zamani. Mgongo umefuata tu." Lakini kila alfajiri aliamka kabla yangu, akajaza maji moto kwenye chupa, akaniwekea kiunoni ili niweze kuanza. Aliniwekea chupa hiyo hata siku zile alizokuwa hanisemeshi.

Nikarudi Kibera. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kufuta yale maandishi ukutani kwa gunzi la hindi na maji ya sabuni. Vijana walikaa kwenye benchi wakiniangalia.

"Leo hakuna chuma mpaka mwili upate moto. Tutatembea, tutazungusha mabega. Tukimaliza chuma, tunanyoosha, polepole. Hakuna mtu kumkalia mwenzake."

"Kocha, sasa tutanunua zile nguo za kubana?" mmoja akauliza.

"Na kitambaa cha kichwa!" mwingine akadakia. "Manze, kocha amerudi akiwa mama wa aerobiki!"

Wakacheka mpaka mabati yakalia. Mwezi haukuisha, wengi walikuwa wamehamia jimu nyingine hukohuko Kibera, upande wa Olympic, ambako bado walikaliana migongo. Tingatinga alibaki. Alilala chali, nikamwinulia mguu taratibu kwa taulo, akatoa macho.

"Kocha, kumbe nyuma ya paja pia kuna nyama?"

"Pumua, Tingatinga."

"Napumua, lakini nyama imekataa."

"Isubiri."

Akaisubiri, na akaniambia jambo ambalo alikuwa amelibeba: kwamba usingizini bado anausikia ule mlio. Nikamwambia nimeshamweleza mtoto ukweli. Akafunga macho. Mguu wake ulilegea, ukapanda zaidi bila kuvutwa.

Usidhani ilikuwa njia nyoofu. Kuna kipupwe kimoja niliamka jicho moja likiwa jekundu kama nyanya, haliwezi kuangalia mwanga, na kumbe nalo ni ugonjwa uleule. Dawa zilinichoma tumbo. Mwaka wa mvua ya El Nino njia ya Kibera ilikuwa matope hadi goti, nikashindwa kutembea, na siku chache tu za kukaa zikanirudisha nyuma. Kiberiti kilichokuwa kimeanza kusimama imara kikawa kinaanguka tena. Nilikipiga teke kikaenda chini ya kitanda. Nekesa, ambaye sasa alikuwa amerefuka na hahitaji stuli, alikivuta kwa fagio, akakipangusa, akasema, "Kesho."

Nikatembea ghorofani. Kibaraza cha ploti yetu, ile nyumba ya wapangaji, kilikuwa kifupi, cha kwenda na kurudi, cha kupishana na nguo zilizoanikwa. Majirani wakinicheka niliwasalimia. "Baba Nekesa, unatafuta nini?" "Natafuta ukuta wangu." Nilining'inia kwenye bomba la juu ya ngazi. Nililala kifudifudi bila mto kila mchana, nikisikiliza redio ya jirani, kifua kikikandamizwa na sakafu. Mgongo ulitaka kuinama, nikaukatalia. Usiku uliinama, asubuhi nikaunyoosha. Hatukuwa na urafiki.

Kiberiti kilirudi kusimama. Baada ya muda pengo likapungua, kikawa hakiingii kwa urefu wake, tukakilaza ubavu. Ukapita msimu mmoja wa mvua, ukaja mwingine. Nekesa alipokuwa akijiandaa kuingia sekondari, jioni moja alikisukuma ubavu, kikakataa kupita. Akakilaza chali. Kikaingia, kikakaa.

"Baba," akasema. "Usisogee."

Sikusogea. Alizunguka mbele kuniangalia, akacheka, akanyoosha kidole machoni mwangu kisha mwake, kuonyesha kwamba tunaangaliana.

Tulitaka zaidi. Tulitaka kisogo kiguse ukuta. Tulijaribu mwaka mzima na zaidi, na pengo halikupungua tena hata kidogo. Madam Muthoni aliinua picha mpya kwenye mwanga.

"Umeganda," akasema. "Kila pingili."

"Kiberiti kimelala chali, madam."

"Basi umeganda umesimama. Nimeona wengi hapa. Waliosimama ni wachache." Akanipa mkono. Alikuwa na mkono mgumu kuliko wa wanafunzi wangu.

Pengo hilo la kiberiti sikuwahi kulishinda. Ugonjwa ulichukua shingo, ukachukua mgongo wote, na kazi ya chuma niliacha. Lakini niliendelea kufundisha, nikiwa mgumu kama mlango, watu wakubwa kwa wadogo, kunyoosha miili yao bila haraka na bila kilio. Tingatinga, ambaye sasa naye ana mvi, bado anaweza kugusa vidole vya miguu, na hukuonyesha bila kuombwa, hata kwenye matanga.

Kwa hiyo kama na wewe umeambiwa kwamba mwili wako utakuwa hivi au vile, usijilaze kuusubiri. Tafuta benchi lako, kaa uitwe, tafuta mtu mwenye maarifa. Usimpe mtoto mgongo wako akukanyage. Usimpe mzigo wako wa aibu pia. Na tafuta ukuta.

Nekesa ana watoto wake sasa. Wakija kunitembelea Gatina, yule mdogo huniona nimelala kifudifudi sakafuni na kuinua mguu apande. Mama yake humshika mkono kabla mguu haujatua.

"Hakuna kupanda mtu mgongo nyumba hii."

Kisha huniambia nisimame ukutani. Pengo haliwezi kubadilika tena, anajua, najua. Lakini huchukua kiberiti jikoni, hukilaza chali nyuma ya kisogo changu, na husubiri nipumue.

"Imekaa?" nauliza.

"Imekaa. Sasa njoo mezani, Baba, ugali unapoa. Na usibakishe."